Wasomaji wanauliza: kijumba cha uani kisichogombana na mtaa

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa jambo moja lililotufikia katika barua nyingi kwa sura mbalimbali: mtu ana nyumba, nyuma yake ana nafasi, na anataka kujenga humo kijumba cha kisasa bila kuuharibia mtaa sura yake. Tumechagua barua tano, nazo zimejibiwa na msanifu majengo wetu.

Swali. Ndugu Msanifu, pokea salamu zangu. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali mekundu, yenye paa la vigae lililosimama wima kiasi, na karibu kila nyumba ya mtaa wetu imejengwa hivyo hivyo. Mama yangu mzazi, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, anahamia kwetu, nasi tumekusudia kumjengea kijumba uani. Mimi na mke wangu tunapenda majengo ya kisasa: kuta nyeupe, paa bapa na vioo vikubwa. Fundi wetu anashauri tuige nyumba kubwa kwa kila kitu, hadi nakshi za mbao zilizo kwenye kingo za paa, ili kijumba kisionekane kigeni. Majirani wamekwisha kuniuliza kwa wasiwasi tunajenga nini. Tufuate lipi?

Jibu. Ndugu yangu, shauri la fundi lina nia njema, lakini halitawafikisha mnakotaka, na paa bapa lenye kuta nyeupe nalo litawaletea matatizo mengine. Sababu iko katika namna jicho linavyosoma mtaa. Mpita njia huona kwanza kimo cha majengo na umbo la mapaa yake, kisha nafasi zilizoachwa kati ya jengo na jengo, halafu ukubwa na mkao wa madirisha, kisha rangi na umbile la kuta. Nakshi huziona mwisho, tena akiwa amekaribia. Kwa hiyo kijumba chenye nakshi zote za nyumba kubwa, lakini chenye kimo na paa visivyolingana na mtaa, kitaonekana kigeni. Na kijumba kisicho na nakshi hata moja, ikiwa kimo, paa na rangi vimepatana na majirani, kitaonekana kama kimekuwapo siku zote.

Kuiga kwa kupunguza vipimo kuna kasoro nyingine ambayo watu huitambua wakiwa wamechelewa. Kuta zinaweza kufupishwa na paa likapunguzwa, lakini mlango hauwezi, kwa sababu anayepita mlangoni ni mtu wa kimo kilekile. Matokeo yake mlango na madirisha huonekana makubwa kupita kiasi juu ya ukuta mdogo, na jengo zima hufanana na kitu cha kuchezea watoto. Mama yako anastahili nyumba.

Ninachoshauri ni mtoke na futi kamba kabla hamjachora mstari wowote. Pimeni mwinuko wa paa la nyumba kubwa na mapaa mawili matatu ya jirani, kimo cha upenu kutoka ardhini, uwiano wa madirisha (yana urefu mara ngapi ya upana?) na kimo cha msitari mmoja wa matofali pamoja na udongo wake. Baada ya hapo chagueni mambo mawili tu ambayo kijumba kitayarithi kwa uaminifu, na mengine yote yawe ya leo, bila kuona haya. Kwa mtaa kama mlioueleza, mimi ningerithi mwinuko wa paa na kitu kimoja cha kujengea.

Mwinuko wa paa una hesabu yake, nayo ndiyo itakayoamua umbo la kijumba chote. Tuseme mapaa ya mtaa yana mwinuko wa digrii 40. Jengo lenye upana wa mita 7 litahitaji paa linalopanda karibu mita 3 juu ya kuta, na hapo kijumba kitaanza kushindana na nyumba kubwa. Jengo la upana wa mita 4.5, kwa mwinuko uleule, litapanda takriban mita 1.9 tu, ukiweka kuta za mita 2.4, mgongo wa paa utafika mita 4.3 kutoka sakafuni. Kijumba cha mita 4.5 kwa 8 kina mita za mraba 36, eneo linalomtosha mtu mmoja kuishi kwa heshima, nacho kinabaki kuwa mdogo wa nyumba kubwa. Ndiyo maana napendelea umbo jembamba na refu kuliko la mraba kila paa linapokuwa la mwinuko mkali.

Ukishaurithi mwinuko huo, usasa unaweza kuingia kwa uhuru. Paa liwe la mabati ya rangi ya kijivu iliyokolea badala ya vigae, kingo zake ziwe nyembamba na zilizonyooka, na ukuta wa pembetatu upande wa bustani uwe wa kioo kutoka sakafuni hadi chini ya paa, mkipenda. Ninaomba jambo moja tu: msikubali mfereji wa maji ya mvua uliofichwa ndani ya ukuta, hata ukivutia kwenye michoro. Siku unapoziba, maji huingia ndani ya jengo, ilhali mfereji ulio nje hummwagia maji anayepita na kumjulisha mwenye nyumba papo hapo. Na kama mnaishi penye mvua nyingi au jua kali, upenu wa sentimita 60 utaziokoa kuta zenu kuliko rangi yoyote ya gharama.

Kuhusu weupe, katika mtaa wa matofali mekundu ukuta mweupe huruka mbele ya macho ukiwa mita nyingi nyuma ya nyumba, kwa kuwa ndicho kitu chenye mwanga kuliko vyote vinavyokizunguka. Chukueni rangi iliyomo tayari ndani ya matofali yenu, ama ule wekundu uliofifia au kijivu cha udongo wa maungio, au vikeni kuta kwa mbao zilizoachwa bila rangi zibadilike zenyewe kuwa za kijivu. Weupe uwekeni ndani, ambako kazi yake ya kusambaza mwanga inahitajika.

Usidhani kwamba huku ni kuusaliti usasa. Le Corbusier, msanifu aliyejulikana duniani kwa zege na kuta nyeupe, alipojijengea kijumba chake cha mapumziko huko Roquebrune-Cap-Martin, Ufaransa, mwaka 1951 na 1952, alikivika nje kwa magogo ya msonobari yakiwa na magamba yake, hivyo kwamba kwenye mteremko ule wenye miti hakimpigii mtu kelele. Ndani, katika chumba cha mita 3.66 kwa 3.66 chenye dari ya mita 2.26, kila kitanda, meza na rafu imepimwa kwa mwili wa binadamu kwa namna ambayo wanafunzi wa usanifu wanaisoma hadi leo. Usasa wake uko katika fikra na vipimo.

Kwa ajili ya mama, yafuatayo yaingie kwenye ramani tangu mwanzo, kwa sababu kuyaongeza baadaye ni kubomoa. Milango yote iwe na upana wa wazi wa sentimita 90, pasiwe na kizingiti chochote, na bafuni paachwe nafasi ya duara la mita 1.5 ili siku ikilazimu kutumia kiti cha magurudumu kiweze kugeuka. Kabla ya kubandika vigae vya bafu, kama kuta ni za fremu za mbao, wekeni ubao mzito nyuma yake kuzunguka choo na bomba la kuogea, ili vishikizo viweze kufungwa popote. Njia ya kutoka nyumba kubwa iwe tambarare, isiyoteleza na yenye taa za chini.

Majirani waonyesheni mchoro kabla ya kuomba kibali. Waonyesheni hasa ule unaokata uani wote kwa upande, wenye nyumba yenu, kijumba, uzio na dirisha lao wenyewe, maana huo ndio unaojibu maswali yaliyo moyoni mwao.

Swali. Mhariri, mimi ni yule mtu wa upande wa pili wa uzio. Jirani yangu anaanza kujenga kijumba chenye chumba cha juu, umbali wa kama mita 8 kutoka dirisha la jiko langu. Nachelea kupoteza mwanga na kuchunguliwa. Sitaki ugomvi, lakini sitaki pia kunyamaza halafu nijute. Nina haki ya kusema nini?

Jibu. Una haki ya kusema mengi, mradi ulichopima na ulichohofia tu uvitenganishe, kwa sababu jirani anayekuja na vipimo husikilizwa.

Anza na mwanga. Uingereza wapimaji hutumia kigezo rahisi ambacho mtu yeyote anaweza kukijaribu mahali popote: kutoka katikati ya dirisha la chini linalotazamana na jengo jipya, huchorwa mstari unaopanda kwa digrii 25. Jengo likibaki chini ya mstari huo, mwanga wa mchana wa dirisha hilo kwa kawaida hautapungua kwa kiasi cha kusumbua. Likiuvuka, upimaji wa kina unahitajika. Kwa umbali wako wa mita 8, mstari unapanda mita 3.7. Ikiwa katikati ya dirisha lako ni mita 1.5 kutoka ardhini, na uwanja ni tambarare, basi kijumba cha kimo cha hadi mita 5.2 kitapita. Lau kingekuwa mita 5 kutoka kwako, kikomo kingeshuka hadi mita 3.8. Jua la moja kwa moja ni suala jingine, nalo hutegemea upande: mbali na ikweta, kaskazini mwa dunia vivuli vya adhuhuri huanguka kuelekea kaskazini, na kusini mwa dunia huanguka kuelekea kusini, kwa hiyo kijumba kilekile kinaweza kukunyima jua lote la msimu wa baridi au kisikuguse kabisa.

Kuhusu kuchunguliwa, dawa ni nyingi na hazimnyimi jirani chumba chake. Dirisha la upande wako linaweza kuinuliwa hadi ukingo wake wa chini ufike mita 1.7 kutoka sakafu ya chumba, juu ya macho ya watu wengi wanaposimama; linaweza kuwekwa kioo cha ukungu, au kuhamishiwa kwenye mteremko wa paa ambako linaona anga tu. Lakini zungumza sasa. Kabla ya linta, yaani boriti ya juu ya dirisha, kumwagwa zege, kuhamisha dirisha ni kazi ya kalamu. Baada yake ni kazi ya nyundo na lawama.

Mambo mawili zaidi husahaulika, na mimi ningeyatanguliza. La kwanza ni mashine ya nje ya kiyoyozi au ya kupasha joto, ambayo wajenzi hupenda kuificha nyuma ya kijumba, yaani mbele ya mwenzao. Iulizie itakaa wapi. La pili ni ukuta wa nyuma wenyewe. Mwenye nyumba hutumia fedha zake kupamba upande anaouona yeye, na jirani huachiwa lipu isiyo na rangi, mabomba na nyaya. Ukuta huo utautazama wewe kwa miaka mingi kuliko yeye, kwa hiyo ni haki kabisa kuomba umaliziwe kwa vitu vilevile na kwa uangalifu uleule. Kijumba hakiwezi kudai kwamba kinaupenda mtaa ikiwa kinaugeuzia mgongo uchi.

Usichokuwa na haki nacho ni kulikataa jengo kwa sababu tu si la mtindo uupendao.

Swali. Je, nianze na msanifu au na ofisi ya mipango miji?

Jibu. Anza na masharti ya kiwanja chako, kwa maana hutofautiana mno, na hubadilika. Mji wa Seattle, Marekani, uliruhusu vijumba vya uani katika maeneo yake yote mwaka 2009, mwaka uleule ambao Vancouver, Canada, iliruhusu nyumba zinazotazama vichochoro vya nyuma ya viwanja. Mwaka 2019 Seattle ikaondoa sharti la mwenye nyumba kuishi palepale na sharti la kuongeza maegesho ya gari. Sheria za jimbo la California nazo zinazuia halmashauri kudai kijumba cha namna hii kikae zaidi ya futi 4, kama mita 1.2, kutoka mipaka ya ubavuni na nyuma. Mahali pengine umbali huo ni mkubwa mara kadhaa, na pengine kijumba hakiruhusiwi kuwa na jiko. Uliza kimo, umbali wa mipaka, eneo la kiwanja linaloweza kufunikwa, njia ya zimamoto na masharti ya kupangisha, kisha uende kwa msanifu ukiwa na majibu hayo mkononi. Kumbuka tu kwamba masharti hukuambia ukubwa wa juu kabisa unaoruhusiwa. Hayakulazimishi kuufikia, na vijumba vingi visivyopendeza vimeharibika kwa kujaza kila sentimita iliyoruhusiwa.

Swali. Ramani yangu ina mita za mraba 30 tu, na kila nikiitazama naona chumba cha kufungia mizigo. Nifanye nini ili wapangaji wangu wasijihisi wamebanwa, bila kukipandisha kijumba hewani?

Jibu. Kubanwa hakuletwi na mita za mraba peke yake. Mara nyingi huletwa na kona zilizopotea na macho yaliyozuiwa. Tazama kwanza kama kuna ukumbi wa kupitia. Katika nyumba ya ukubwa huo ukumbi ni anasa ambayo haimfai mtu, na kila mita ya urefu wake ingekuwa kabati. Mpangilio ninaourudia mara nyingi ni kuweka bafu, jiko na kabati vyote kwenye mkanda mmoja wa upana wa mita 1.6 hadi 1.8 kando ya ukuta mrefu, ambao ndio ule unaotazamana na jirani, kisha sehemu yote iliyobaki ikawa chumba kimoja kinachofunguka upande wa uani. Mabomba yote yanakuwa ukuta mmoja, gharama inapungua, na ukuta wa jirani unahitaji madirisha madogo ya juu tu. Starehe ya ndani na adabu ya nje zinapatikana kwa mstari mmoja wa kalamu.

Jiko lisikutishe. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa Frankfurt, Ujerumani, jiko la karibu mita 1.9 kwa 3.4, akiwa amehesabu hatua za mpishi kati ya sinki, meza na moto, na likafungwa katika maelfu ya nyumba. Kwa mtu mmoja au wawili linatosha hata nusu ya urefu huo, ilimradi pawe na meza tupu ya angalau sentimita 60 kati ya sinki na jiko la moto.

Kimo cha ndani kipate kutoka kwenye paa lenyewe. Usifunge dari bapa juu ya chumba kikuu. Acha dari ifuate mteremko wa paa, na chumba kitapanda bila jengo kuongezeka hata sentimita moja nje, mradi paa liwekewe kinga nzito ya joto, la sivyo mpangaji ataivaa hali ya hewa yote kichwani. Dari ya chini iache juu ya bafu na makabati, ili mtu anapotoka humo aone chumba kikifunguka. Jukwaa la kulala lililo juu kwa ngazi ya kupandia silishauri: joto hukusanyika huko, na usiku mtu anashuka ngazi akiwa nusu macho. Kitanda kiwe chini, na mahali pa kuhifadhi vitu pawe juu.

Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana au zinazopakana ili hewa ipite, na moja liwe mwishoni mwa mstari mrefu kuliko yote wa macho, ambao katika chumba cha mstatili ni ule wa pembe hadi pembe. Sakafu iwe ya aina moja tangu mlangoni hadi kwenye kibaraza, katika usawa mmoja.

Na amua mapema kijumba kitaazima nini kutoka nyumba kubwa. Kile cha Le Corbusier hakikuwa na jiko kwa sababu mlango ulimpeleka moja kwa moja kwenye mgahawa wa jirani yake. Wapangaji wako wakiweza kufua nguo na kuweka baiskeli mahali penye kufuli upande wa nyumba kubwa, utakuwa umewarudishia mita kadhaa za mraba za kuishi.

Swali. Uani pana mti mkubwa wa kivuli unaopendwa na mtaa wote, na bomba la majitaka liko barabarani, mbele ya nyumba. Fundi anasema mti ukatwe na bomba ni jambo dogo. Wewe unasemaje?

Jibu. Mimi nayageuza yote mawili. Bomba ndilo linaweza kuamua sakafu yako iwe juu kiasi gani. Bomba la kawaida la choo, la milimita 100, linahitaji kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita. Kutoka uani hadi barabarani kukiwa na mita 30, mwisho wake uko sentimita 60 chini ya mwanzo. Mwombe fundi afunue chemba ya barabarani na kupima kina chake kabla ya kuchimba chochote. Ikiwa uani uko chini kuliko barabara, utalazimika ama kuinua kijumba, jambo litakalobadilisha mahesabu yote ya kimo na majirani, au kuweka pampu, ambayo inahitaji umeme na matunzo maisha yake yote.

Mti usikatwe kabla ya kupimwa. Pima unene wa shina (kipenyo chake, si mzunguko) mita 1.5 kutoka ardhini, uzidishe kwa 12, na duara la umbali huo kuuzunguka mti ndilo eneo la mizizi ambalo wataalamu wa Uingereza hulilinda wakati wa ujenzi. Shina la sentimita 40 linadai mita 4.8 kila upande. Kijumba kikiweza kukaa nje ya duara hilo, kichukue msingi wowote unaofaa udongo wako. Kikilazimika kuingia kidogo, achana na mtaro mrefu wa msingi unaokata mizizi yote. Tumia nguzo chache zilizochimbiwa kwa mkono penye nafasi kati ya mizizi minene, na juu yake boriti zinazobeba sakafu bila kugusa udongo. Hata hivyo mwite mtaalamu wa miti aukague kwanza, na wakati wa kazi uzungushie uzio wa muda, kwa sababu mara nyingi kinachoua mti ni lori la mchanga lililoegeshwa juu ya mizizi na maji ya saruji yaliyomwagwa pembeni ya shina, siku ambayo hakuna aliyekuwa akiangalia.